Kituo cha Redio kama Baraza: WSM ya Nashville na Jamii ya Wasikilizaji wa Muziki wa Kantri

IKISIRI

Makala hii inachunguza uhusiano baina ya kituo kimoja cha redio, yaani WSM cha jiji la Nashville katika jimbo la Tennessee, Marekani, na jamii iliyojengeka kukizunguka kwa njia ya muziki wa kantri tangu mwaka 1925. Kwa kutumia dhana za uchambuzi wa fasihi simulizi, yaani fanani, hadhira, jukwaa na utendaji, tunajaribu kuonyesha kwamba kituo cha redio chaweza kutazamwa kama baraza: mahali pa mazungumzo na burudani penye wenyeji, wageni, desturi na mlango. Hoja yetu kuu ni kwamba baraza la namna hiyo hujengwa na fedha, ufundi na sheria kama linavyojengwa na sanaa yenyewe. Kwa hiyo swali la nani mwenye baraza na nani anayefukuzwa mlangoni haliwezi kuepukwa na mtafiti. Mwishoni tunagusia funzo linalopatikana kwa wachunguzi wa utangazaji wa Kiswahili.

1.0 UTANGULIZI

Wataalamu wa fasihi simulizi katika Afrika Mashariki wamekuwa na mitazamo miwili kuhusu redio. Wapo wanaoiona kama adui wa masimulizi, kwa kuwa imewaondoa watu penye moto wa jioni na kuwaketisha kimya mbele ya sanduku linalosema peke yake. Wapo pia wanaoiona kama ghala, yaani chombo cha kuhifadhi ngano, mashairi na nyimbo ambazo pasipo kinasa sauti zingalipotea pamoja na wazee waliozijua. Mitazamo yote miwili ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, yote inachukulia kwamba sanaa iko mahali pengine, na kwamba redio inakuja kutoka nje ama kuiua ama kuiweka akiba.

Makala hii inapendekeza njia ya tatu: kukichunguza kituo cha redio kama jukwaa lenyewe la utendaji, ambalo huzaa mitindo, wahusika na desturi ambazo hazikuwapo kabla yake. Kwa ajili hiyo tumechagua mfano ulio mbali na kwetu, kwa sababu mbili. Kwanza, kituo cha WSM kina historia ndefu inayojulikana vizuri: kipindi chake cha Grand Ole Opry kilitimiza miaka 100 mwaka 2025. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Hii imevuma ikadumu, na mtafiti hana budi kuuliza sababu. Pili, mtu huona kwa urahisi nguzo za nyumba ya jirani ilhali za nyumba yake hazioni kwa kuzizoea. Huenda tukiisha kuzitambua nguzo za baraza la Nashville tutarudi kuzitazama zetu kwa jicho jipya.

2.0 MSINGI WA KINADHARIA

Tangu Ruth Finnegan achapishe kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, imekubalika kwamba kazi ya fasihi simulizi hukamilika katika utendaji wake. Maneno ya ngano si ngano nzima. Sauti ya fanani, ishara zake, mahali, wakati na majibu ya hadhira ni sehemu ya kazi. Tukilikubali hili, redio inatuletea utata. Fanani haioni hadhira yake. Hadhira haionani yenyewe kwa yenyewe. Kitikio cha wasikilizaji, kama kipo, huja kwa barua siku kadhaa baada ya wimbo kwisha.

Walter Ong, katika kazi yake ya mwaka 1982, alipendekeza kwamba vyombo vya umeme vimezaa usimulizi wa daraja la pili: usimulizi unaofanana na ule wa awali kwa kuwakusanya watu katika usikivu mmoja, lakini unaotegemea maandishi na mitambo ili uwepo. Naye Benedict Anderson, mwaka 1983, alieleza jinsi watu wasiojuana wanavyoweza kujihisi kuwa jumuiya moja kwa sababu wanasoma gazeti lile lile siku ile ile. Tunaweza kuziunganisha hoja hizi mbili na kusema kwamba wasikilizaji wa kituo cha redio ni hadhira ya masimulizi inayojumuika kwa fikra. Lakini neno fikra lisitupoteze. Nyuma ya fikra hiyo kuna mnara wa chuma, leseni ya serikali na mtu anayelipa gharama za umeme. Uchambuzi unaofuata unazingatia pande zote mbili.

3.0 KUANZISHWA KWA BARAZA

WSM ilianza kutangaza tarehe 5 Oktoba 1925. Mwanzilishi wake hakuwa mwanamuziki wala mwandishi wa habari bali kampuni ya bima, National Life and Accident Insurance Company, yenye makao yake Nashville. Herufi za jina la kituo zilitokana na kaulimbiu ya kampuni hiyo iliyojinadi kwamba inawakinga mamilioni ya watu. Tangu mwanzo, basi, jina la baraza lilikuwa pia tangazo la mwenye nyumba.

Mwezi Novemba mwaka huo huo kituo kilimwajiri George D. Hay, aliyekuwa mwandishi wa gazeti huko Memphis kabla ya kuwa mtangazaji wa kituo cha WLS cha Chicago, ambako kipindi cha muziki wa ngoma za mashambani kilikuwa kimeanza mwaka 1924. Tarehe 28 Novemba 1925 Hay alimkaribisha studioni mpiga fidla mzee, Uncle Jimmy Thompson, aliyekuwa na umri wa miaka 77, naye mpwa wake Eva Thompson Jones akampigia piano. Mzee alipiga kwa muda wa saa nzima, na wasikilizaji wakaleta simu za maandishi kuomba nyimbo wazipendazo. Kabla mwaka haujaisha kipindi kilikuwa kimepangiwa nafasi yake ya kudumu Jumamosi usiku.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa hapa. La kwanza ni kwamba muziki wenyewe haukubuniwa na redio. Fidla ilikuwa ikipigwa katika arusi, katika mikusanyiko ya mavuno na vibarazani mwa nyumba za wakulima kwa vizazi vingi. La pili ni kwamba ombi la msikilizaji lilikuwapo tangu usiku wa kwanza. Kitikio kilichelewa, lakini hakikukosekana. Na mpangilio wa kipindi ulianza mara moja kuutegemea. Kwa maneno mengine, hadhira ilishiriki katika utunzi, si wa wimbo mmoja mmoja, bali wa usiku mzima.

4.0 LUGHA NA WAHUSIKA WA JUKWAANI

4.1 Jina kama utani

Jina la Grand Ole Opry lenyewe ni kipande cha utendaji. Kwa mujibu wa masimulizi ya Hay, Jumamosi moja ya Desemba 1927 kipindi chake kilifuata baada ya kipindi cha muziki wa kitaalamu kilichorushwa na mtandao wa NBC na kuongozwa na Walter Damrosch. Damrosch alikuwa amesema kwamba katika muziki wa daraja lile hakuna nafasi ya kuiga mambo halisi kama yalivyo, kisha akaruhusu kipande kimoja kilichoiga mwendo wa gari moshi. Hay aliposhika maikrofoni aliwaambia wasikilizaji kwamba sasa watasikia uhalisia mtupu, akamwita DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, aliyepiga wimbo wa gari moshi wa kwake mwenyewe. Bailey alipomaliza, Hay alisema kuwa saa iliyopita walikuwa wakisikiliza opera kuu, na kwamba tangu sasa watasikiliza Grand Ole Opry.

Mzaha huu umejengwa juu ya matamshi. Neno opera limetamkwa kama linavyotamkwa na mtu wa shamba, nalo neno la kuonyesha ukongwe limeandikwa kwa tahajia ya lahaja. Lahaja iliyodharauliwa imepandishwa cheo kwa kuvaa joho la sanaa ya mabwana, na sanaa ya mabwana imeshushwa kwa kutajwa kwa ulimi wa mkulima. Msomaji anayefahamu jinsi watani wa kwetu wanavyotumia lahaja ya mwenzao kumchekesha na wakati huo huo kumtambua hatashindwa kuiona kazi ya kijamii inayofanywa na mzaha huu. Msikilizaji wa mashambani aliambiwa kwamba baraza hili ni lake.

4.2 Ushamba wa kutengenezwa

Hata hivyo, ushamba huo haukuwa wa asili kama ulivyoonekana. Wanamuziki wengi wa miaka ya mwanzo walikuwa wakazi wa mjini au wa karibu na mji, wenye kazi zao za kawaida. Kiongozi wa mojawapo ya bendi za kwanza, Humphrey Bate, alikuwa daktari wa tiba. Hay alizipa bendi majina ya kuchekesha yanayokumbusha misitu na pombe za kienyeji, na wanamuziki waliokuwa wakipigwa picha kwa suti na tai baadaye walipigwa picha kwa nguo za kazi za shambani na kofia zilizochakaa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mchekeshaji Minnie Pearl, aliyejiunga na Opry mwaka 1940. Mhusika huyo alikuwa mwanamke wa kijijini, mwenye maneno mengi, aliyevaa kofia ya majani yenye kibandiko cha bei kinachoning'inia. Aliyemwigiza, Sarah Colley, alikuwa mwanamke aliyesoma chuo na kufunzwa sanaa za jukwaani. Kijiji cha mhusika kiliitwa Grinder's Switch, jina lililotokana na njia-panda ya reli iliyokuwa karibu na mji alikozaliwa msanii. Kila Jumamosi wasikilizaji walipewa habari za watu wa kijiji hicho: nani kaposa, nani kakosana na nani, nani kaanguka kisimani. Kijiji hicho hakikuwa na mkazi hata mmoja, lakini watu wa majimbo mengi walikifahamu kuliko kijiji cha pili kutoka kwao.

Mtambaji wa ngano naye hufanya hivyo hivyo. Hujivika uzee asiokuwa nao, huzungumza kwa sauti ya sungura au ya zimwi, na hadhira humkubali kwa kuwa inajua ni utendaji. Tofauti ni kwamba hadhira ya redio haikuona joho likivaliwa. Kwa baadhi ya wasikilizaji mpaka baina ya mtu na mhusika ulififia, na katika kufifia huko ndimo ilimozaliwa ile hisia ya kumjua fanani kana kwamba ni jamaa.

5.0 MNARA NA MIPAKA YA JAMII

Ni desturi ya wachambuzi wa fasihi kuuruka ufundi wa mitambo. Katika suala hili kuuruka ni kosa, kwa maana mipaka ya jamii tunayoizungumzia ilichorwa na mawimbi.

WSM ilianza na nguvu ya wati 1,000. Mwaka 1932 iliongezewa nguvu hadi wati 50,000 na kujengewa mnara mpya huko Brentwood, kusini mwa Nashville, wenye umbo la almasi ndefu na urefu wa futi 878 wakati huo. Mnara huo, ingawa baadaye ulipunguzwa kidogo, umesimama hadi leo. Masafa ya kituo ni kilohezi 650 katika mawimbi ya kati, na kwa mpango uliowekwa na tume ya serikali mwaka 1928 masafa hayo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyotengwa kwa kituo kimoja kikubwa nyakati za usiku, ili kisiingiliwe na vingine.

Mchana mawimbi ya kati husafiri zaidi yakifuata ardhi, kwa kuwa tabaka la chini la ionosfia huyameza yale yanayopanda juu. Jua likizama tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi, yakaakisiwa na kurudi ardhini mamia ya maili kutoka mnarani. Kwa hiyo WSM ilikuwa na jamii mbili. Mchana ilikuwa redio ya Tennessee ya kati na majirani zake. Usiku ilisikika katika sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Marekani, na hata Kanada. Jumamosi usiku ukawa wakati ambapo familia ya wakulima wa mbali, yenye redio ya betri iliyotunzwa isiishe kabla ya siku hiyo, iliketi pamoja na familia za Nashville bila kuondoka kwao. Umahali wa kituo haukupotea katika safari hiyo ndefu. Kinyume chake, kadiri sauti ilivyokwenda mbali ndivyo jina la Nashville lilivyozidi kuwa kubwa, hata mtangazaji wa WSM, David Cobb, alipoliita Jiji la Muziki mwaka 1950, jina hilo likashika.

6.0 NANI ALIYELIPIA NGOMA

Kampuni ya bima iligharimia yote haya kwa faida gani? Biashara yake kubwa ilikuwa bima ndogo ndogo kwa watu wa kipato cha chini, zilizolipiwa kwa senti chache kila juma, ambazo wakala alizipitia nyumba kwa nyumba. Wakala ni mgeni anayebisha hodi kudai fedha. Si mtu anayekaribishwa kwa furaha. Lakini wakala aliyejitambulisha kuwa anatoka katika kampuni yenye Opry alifunguliwa mlango kama mjumbe wa jamaa. Muziki ulimtangulia kumsafishia njia.

Baadaye, watu walipoanza kuja wenyewe kuangalia kipindi kikitangazwa, studio zilijaa, na kipindi kikahamishwa kutoka ukumbi hadi ukumbi, mpaka mwaka 1943 kilipoingia Ryman Auditorium, jengo lililofunguliwa mwaka 1892 kama nyumba ya ibada na ambalo bado lilikuwa na viti virefu vya kanisani. Kilidumu humo hadi mwaka 1974, kilipohamia jumba jipya nje ya katikati ya mji. Wakati wa kuhama, kipande cha mviringo cha mbao kilikatwa kutoka jukwaa la Ryman na kupachikwa katikati ya jukwaa jipya, ili mwimbaji wa leo asimame pale waliposimama waliomtangulia. Desturi hii ni ya tambiko kabisa, na haikuhitaji kuelezwa kwa hadhira; ilieleweka.

Kwa hiyo tunaona mambo mawili yakienda sambamba: biashara iliyohesabu kila senti, na jamii iliyoweka mbao za jukwaa katika hadhi ya masalia. Mchambuzi anayeliona moja tu kati ya hayo hajaliona baraza.

7.0 MLANGO WA BARAZA: DEFORD BAILEY

Tumekwisha kumtaja DeFord Bailey, ambaye wimbo wake ulitangulia kutajwa kwa jina la Opry. Alizaliwa mwaka 1899 katika wilaya ya Smith, Tennessee. Akiwa mtoto wa miaka mitatu aliugua polio, na katika miezi ya kulala kitandani alijifunza kuiga kwa kinanda cha mdomo sauti alizozisikia: mbwa wa kuwinda, kuku, gari moshi. Alijiunga na kipindi mwaka 1926, na mwaka 1928 alikuwa miongoni mwa waliosikika humo mara nyingi zaidi. Alikuwa mtu mweusi katika jimbo lililotenganisha watu kwa sheria.

Redio haionyeshi rangi ya ngozi, na wapo wasikilizaji wengi ambao hawakujua. Lakini Opry ilifanya safari, na katika safari hizo Bailey alikataliwa katika hoteli na mikahawa iliyowapokea wenzake. Mwaka 1941 aliachishwa. Mwaka huo vituo vya redio vilikuwa katika mgogoro na chama cha haki za watunzi, ASCAP, na nyimbo zilizosajiliwa na chama hicho hazikuruhusiwa kupigwa hewani. Miongoni mwazo zilikuwamo zile zilizompatia Bailey umaarufu. Katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1945, Hay alieleza kwamba Bailey aliondolewa kwa uvivu wa kutojifunza nyimbo mpya, na akauhusisha uvivu huo na watu wa rangi yake. Bailey mwenyewe, katika mazungumzo yaliyomwezesha David Morton kuandika wasifu wake pamoja na Charles Wolfe uliotoka mwaka 1991, alikuwa na maelezo tofauti: nyimbo zake alizijua, na nyingine angeliweza kuzipiga, alikatazwa zile ambazo watu walimpendea. Aliishi miaka mingi Nashville akiendesha kibanda cha kung'arisha viatu. Alifariki mwaka 1982, na mwaka 2005 aliingizwa katika orodha ya heshima ya muziki wa kantri.

Mcheza kwao hutuzwa, husema Waswahili. Methali hii inachukulia kwamba kwao panajulikana. Mkasa wa Bailey unatulazimisha kuuliza ni nani anayeamua kwamba hapa ni kwenu. Kijana huyu alizaliwa Tennessee, alijifunza muziki wake kwa watu wa nyumbani kwake, na sauti yake ndiyo iliyofungua njia ya jina ambalo kituo kinalitumia mpaka sasa. Hata hivyo, picha ya jamii iliyokuwa ikichorwa jukwaani, ya wakulima weupe wa milimani, haikuwa na mahali pake. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo Opry ilikuwa na wachekeshaji weupe waliojipaka masizi usoni kuigiza watu weusi. Mwigo wa mtu mweusi ulibaki jukwaani. Mtu mweusi mwenyewe aliondoka.

Miaka mingi ilipita kabla ya mabadiliko. Linda Martell aliimba katika Opry mwaka 1969. Charley Pride, aliyeimba humo kwa mara ya kwanza mwaka 1967, alipewa uanachama mwaka 1993. Tunayataja haya kwa kuwa nadharia ya jamii ya kufikirika mara nyingi husomwa kwa upole mno, kana kwamba kufikiriwa pamoja ni jambo jema kwa wote. Kila jamii inayofikiriwa ina watu ambao wanaoifikiri wamechagua kutowafikiri.

8.0 MGOGORO WA MWAKA 2002

Kampuni ya bima ilipoteza umiliki wa kituo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 WSM na Opry zikanunuliwa na kampuni ya Gaylord. Kufikia mwisho wa karne, muziki wa kantri ulikuwa umehamia kwa kiasi kikubwa katika mawimbi ya FM, na kituo cha mawimbi ya kati chenye kupiga nyimbo za zamani kilionekana, kwa hesabu za biashara, kuwa mali isiyotumika ipasavyo. Habari zilipoenea kwamba wenye kituo wanafikiria kukigeuza kuwa cha mazungumzo ya michezo, wasikilizaji na wanamuziki walipinga hadharani. Mwanzoni mwa mwaka 2002 wenye kituo walitangaza kwamba muziki wa kantri utabaki.

Tukio hili ni fupi, lakini kwa nadharia lina uzito. Kisheria wasikilizaji hawakuwa na hisa hata moja. Sheria ya Redio ya Marekani ya mwaka 1927 ilisema kwamba leseni itolewe kwa kuzingatia maslahi, manufaa na mahitaji ya umma, lakini haikuwapa umma uwezo wa kuchagua nyimbo. Walichokuwa nacho ni miaka 76 ya kusikiliza. Walijiona kuwa wenyeji, nao wenye mali wakaona kwamba mali yenyewe haina thamani pasipo hao wenyeji. Mahali ambapo hati ya umiliki ilinyamaza, desturi ilisema.

Miaka minane baadaye, Mei 2010, mafuriko makubwa ya Nashville yaliingia katika jumba la Opry na katika studio za WSM. Kituo kilitangaza kutoka kwenye jengo la mitambo chini ya mnara wa Brentwood, na kipindi cha Jumamosi kikafanyiwa katika kumbi nyingine za mji, zikiwamo zile ilizozihama zamani, mpaka jumba lilipofunguliwa tena mwezi Septemba. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, waimbaji walisimama mbele ya viti vitupu na kuendelea kutangaza. Katika hali hizo mbili kipindi kilirudi katika umbo lake la mwanzo: watu wachache chumbani, maikrofoni, na hadhira isiyoonekana.

9.0 FUNZO KWA UCHUNGUZI WA UTANGAZAJI WA KISWAHILI

Yapo maunganisho ya kweli baina ya historia hii na yetu. Mwaka 1928, wakati Bailey na wenzake wa Opry waliporekodiwa Nashville na kampuni ya Victor, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Sahani za kampuni zote mbili zilibeba nembo ya mbwa anayesikiliza santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, jina ambalo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, likiwa limepitishwa katika fonolojia ya lugha yao na kugeuzwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Na sauti ya Jim Reeves, aliyekuwa mwanachama wa Opry tangu mwaka 1955, imependwa Kenya kwa vizazi kadhaa.

Lakini funzo kubwa ni la mbinu. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, na baadaye Radio Tanzania ilipozirekodi bendi katika studio zake yenyewe, mwenye baraza alikuwa serikali badala ya kampuni ya bima. Vilevile vipindi vya salamu, na kadi zake zilizonunuliwa, kujazwa majina na kutumwa kwa posta, vilizaa jamii ya watu waliojulikana nchi nzima kwa majina yao ya redioni, wakaunda vilabu, wakatembeleana na kuzikana. Je, tumekwisha kuichambua kadi ya salamu kama utanzu? Je, tunajua ni lahaja zipi zilizokaribishwa redioni na zipi zilizofanywa za vichekesho tu, kwa jina la Kiswahili sanifu? Tangu redio za watu binafsi ziruhusiwe katika miaka ya 1990, nani amekuwa akiilipia ngoma, naye amepata nini? Mtafiti akichukua maswali matatu yaliyoongoza makala hii, yaani nani anatenda, nani analipa na nani amezuiwa mlangoni, atapata kazi ya kutosha.

10.0 HITIMISHO

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba kituo cha redio cha mahali kinaweza kuwa jukwaa kamili la utendaji, lenye mafanani, wahusika, utani, tambiko na hadhira inayodai haki yake. Tumeona kwamba jamii ya WSM ilijengwa kwa fidla na kwa mnara, kwa mzaha wa lahaja na kwa senti za bima. Tumeona pia kwamba jamii hiyo iliyoweza kuwazuia wenye mali mwaka 2002 ndiyo ile ile ambayo mwaka 1941 ilimwacha DeFord Bailey aende zake. Nguvu ya wasikilizaji ni ya kweli, lakini hutumika kwa ajili ya yule wanayemhesabu kuwa mwenzao. Ni wajibu wa mchambuzi wa fasihi simulizi, anapoingia katika baraza lolote, kusikiliza wanaoimba, na kisha kutoka nje kidogo kutazama ni nani aliyesimama kizani akiufahamu wimbo wote.